Kabla ya mtihani wa kidato cha nne, familia ikae chini na kuhesabu gharama za chuo

Mleta uzi

Ndugu zangu, kila mwaka, Baraza la Mitihani la Tanzania linapotangaza matokeo ya kidato cha sita mwezi wa Julai, huibuka maswali yaleyale. Mtoto amepata daraja la kwanza, je, atapewa mkopo wote? Mtoto amekosa mkopo na chuo kinafunguliwa wiki ijayo, tufanyeje? Nimekuwa nikiwasaidia vijana wa mtaani kwetu kujaza maombi ya chuo na ya mkopo, na kuna hitimisho moja ambalo ningependa tulijadili kwa kina. Wazazi wengi huanza kufikiria gharama za chuo wakati mambo yanayoamua gharama hizo yamekwisha kuamuliwa. Yaliamuliwa miaka miwili au mitatu nyuma, mtoto alipokuwa akijiandaa na mtihani wa kidato cha nne, na wakati huo hakuna mtu nyumbani aliyekuwa akizungumzia fedha.

Sababu ya kutozungumza inaeleweka. Tangu Januari 2016 elimu ya msingi na sekondari hadi kidato cha nne katika shule za serikali hutolewa bila ada, na kuanzia Julai 2022 utaratibu huo ulifika kidato cha tano na cha sita. Mimi ninaunga mkono hatua hiyo bila kusita, kwa kuwa imewabakisha shuleni watoto ambao zamani wangerudishwa nyumbani kwa kudaiwa ada. Hata hivyo, imezoesha familia nyingi kulipia sare, madaftari, nauli na michango midogo, na mara mtoto anapofika mlango wa chuo, mzazi anakutana kwa mara ya kwanza na ada inayohesabiwa kwa milioni.

Nianze na jambo linaloonekana dogo kuliko yote, nalo ni jina. Jina linalosajiliwa kwa ajili ya mtihani wa kidato cha nne ndilo litakaloandikwa kwenye cheti, na namba ya mtahiniwa ya kidato cha nne ndiyo itakayomtambulisha kijana huyo anapoomba chuo na anapoomba mkopo katika Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu. Bodi hutaka namba ileile itumike pande zote mbili. Aliyerudia mtihani na kuwa na namba zaidi ya moja, kisha akaomba chuo kwa namba hii na mkopo kwa namba ile, anajitengenezea usumbufu ambao huonekana wakati wa kupanga mikopo, si wakati wa kujaza fomu. Vilevile, mtoto ambaye cheti chake cha kuzaliwa kina jina la babu, na shuleni akaandikwa kwa jina la ukoo lililo tofauti, atalazimika kuhangaika na viapo na marekebisho katika miezi ambayo angepaswa kufanya mengine. Jambo hilo hurekebishwa kwa urahisi zaidi akiwa kidato cha tatu, kabla ya usajili wa mtihani. Nimeona vijana waliofaulu vizuri wakizunguka ofisi mwezi mzima kwa sababu ya herufi moja.

Halafu unakuja uchaguzi wa tahasusi (mchanganyiko wa masomo ya kidato cha tano na cha sita) na vyuo, ambao mwanafunzi huufanya akiwa bado kidato cha nne, ingawa baada ya matokeo hufunguliwa kipindi cha kubadili. Tunazungumza na watoto kuhusu tahasusi kana kwamba ni suala la kipaji pekee. Ukweli ni kwamba tahasusi ni uamuzi wa fedha pia. Anayechukua Fizikia, Kemia na Biolojia akiwa na nia ya udaktari wa binadamu, anachagua miaka mitano ya chuo na mwaka mmoja wa mafunzo kazini. Uhandisi ni miaka minne. Shahada ya ualimu kwa kawaida ni miaka mitatu. Anayetaka kuwa wakili atahitaji, baada ya shahada ya sheria, kupita katika mafunzo ya uanasheria kwa vitendo, ambayo nayo yana gharama zake. Sisemi mtoto aache ndoto kwa sababu ya miaka. Ninachosema ni kwamba familia inapaswa kujua inaanza safari ya urefu gani.

Kosa lililo zito zaidi, kwa maoni yangu, ni imani kwamba alama nzuri huleta mkopo. Mtihani unapima ufaulu. Mkopo unapima uhitaji. Alama hukufikisha chuoni: ili udahiliwe shahada kwa kigezo cha kidato cha sita unahitaji walau ufaulu wa masomo mawili yenye jumla ya pointi 4, na programu zenye ushindani hudai zaidi ya hapo. Ukishadahiliwa, Bodi haiulizi ulipata daraja gani kwa lengo la kukuzawadia. Inauliza wazazi wako wako hai au la, kama wewe au mzazi wako ana ulemavu, kama kaya yenu ni mnufaika wa TASAF (mfuko wa serikali unaosaidia kaya maskini), nani alikulipia sekondari, na programu unayokwenda kusoma ni ipi. Mwenye daraja la kwanza aliyesoma shule ya ada kubwa anaweza kukosa, na mwenye daraja la pili kutoka kaya maskini akapata karibu kila kitu. Huo si uonevu. Ndivyo mkopo wa uhitaji unavyopaswa kufanya kazi. Uonevu hutokea pale mwenye uhitaji anaposhindwa kuuthibitisha kwa karatasi.

Karatasi hizo zinajulikana mapema. Cheti cha kuzaliwa hakitoshi kuwa nacho sandukuni, bali lazima kihakikiwe na RITA, wakala wa serikali unaosajili vizazi na vifo. Kama mzazi amefariki, cheti cha kifo nacho kihakikiwe. Kuna ndugu zetu waliozika mzazi miaka kumi iliyopita na hawakuwahi kuandikisha kifo hicho, kwa kuwa hakukuwa na mirathi ya kugombania. Mtoto wao ni yatima kweli, kijiji kizima kinajua, lakini mbele ya mfumo wa maombi si yatima. Anahitajika pia mdhamini mwenye kitambulisho, sahihi za viongozi wa serikali ya mtaa au kijiji, muhuri wa kamishna wa viapo au mwanasheria, na ada ya maombi ya shilingi 30,000.

Sasa tazama kalenda. Kidato cha sita hufanya mtihani mwezi wa Mei. Baada ya hapo vijana wengi huitwa kwenye mafunzo ya Jeshi la Kujenga Taifa (JKT) kwa mujibu wa sheria, utaratibu uliorejeshwa mwaka 2013. Dirisha la mkopo mara nyingi hufunguliwa katikati ya mwaka, matokeo hutoka Julai, maombi ya vyuo huanza, na chuo hufunguliwa kuanzia Oktoba au Novemba. Kijana yuko kambini wakati mzazi kijijini anatafutwa atoe cheti ambacho hakipo. Kwa hiyo ninapendekeza kazi yote ya karatasi na ya hesabu ianze kidato cha tatu, na uchaguzi wa kidato cha nne ufanywe na familia ikiwa na hesabu hiyo mezani.

Hesabu yenyewe nitaiweka wazi. Katika vyuo vikuu vya umma ada ya programu nyingi za shahada ni takribani shilingi milioni moja hadi milioni moja na nusu kwa mwaka. Vyuo binafsi, hasa kwenye fani za afya, hutoza mara kadhaa ya kiasi hicho. Ongeza bima ya afya ya mwanafunzi shilingi 50,400, ada ya uthibiti ubora ya Tume ya Vyuo Vikuu (TCU) shilingi 20,000, usajili, kitambulisho na michango ya serikali ya wanafunzi. Kisha kuna kula na kulala, na hapo ndipo fedha nyingi huenda. Bodi ilipandisha posho ya chakula na malazi kutoka shilingi 8,500 hadi 10,000 kwa siku. Tuseme mwanafunzi yuko chuoni wiki 34 kwa mwaka: ni siku 238, sawa na shilingi 2,380,000, yaani fedha iliyo juu ya ada yenyewe katika programu nyingi. Mzazi anayesema "nimejipanga na ada" hajajipanga hata kwa nusu.

Karibuni tujadili.

Mwalimu wa Taaluma

Ndugu mleta uzi, nakushukuru kwa mada nzito. Nimefundisha sekondari kwa miaka mingi na ninakubaliana nawe kuhusu majina na nyaraka. Mwezi wa usajili tunawapa wanafunzi karatasi wakahakiki majina yao na wazazi wao, na baadhi huzirudisha bila mzazi kuziona. Baadaye mzazi huyo huja shuleni akilalamika.

Hata hivyo, nina wasiwasi na pendekezo lako la kuweka hesabu ya fedha mezani wakati wa kuchagua tahasusi. Ninawafahamu wasichana watatu wenye uwezo mkubwa wa sayansi ambao waliambiwa nyumbani kwamba udaktari ni wa watoto wa matajiri, wakaacha Kemia wakiwa kidato cha tatu. Hakuna aliyewafanyia hesabu ya kweli. Walitishwa na tarakimu. Mtoto wa miaka 16 akisikia milioni mbili na nusu kwa mwaka mara miaka mitano, atajiondoa mwenyewe kimyakimya kabla hujamaliza sentensi. Mtoto wa tajiri hataisikia hesabu hiyo kabisa. Tukifanya usemavyo bila uangalifu, tutakuwa tumewachuja maskini hata kabla mtihani haujawachuja.

Aidha, tusiudogoshe mtihani. Ili mwanafunzi achaguliwe kidato cha tano anahitaji walau alama C katika masomo matatu, na katika kidato cha nne C huanzia 45. Mwanafunzi mwenye 44 ana D, na alama moja hiyo inaweza kumhamisha kutoka njia isiyo na ada kwenda njia yenye ada, kwa sababu akikosa kidato cha tano cha serikali atatafuta chuo cha kati cha kulipia au shule binafsi. Katika matokeo ya kidato cha nne, alama endelevu za shuleni huchangia asilimia 30. Hizo zinakusanywa polepole, kazi kwa kazi, na mwanafunzi anayetoroka majaribio ya kidato cha tatu anapoteza fedha za familia yake bila kujua. Kwa hiyo mimi ningesema kwamba akiba ya kwanza ya chuo ni alama hizo, na mzazi aliye fukara anaweza kuiweka bila senti, kwa kumpunguzia mtoto kazi za jioni na kumpa mwanga wa kusomea.

Mleta uzi

Mwalimu, hoja yako ya wasichana hao imenigusa, na ninaona ni sahihi kabisa kwamba tarakimu iliyotupwa bila maelezo humfukuza mtoto. Ninachokitaka ni kinyume chake. Familia iliyofanya hesabu kamili itaona pia upande wa pili wa daftari: kwamba kaya yao maskini ndiyo hasa inayolengwa na mkopo, kwamba fani za afya, uhandisi na ualimu wa sayansi zimekuwa zikipewa kipaumbele, na kwamba tangu mwaka wa masomo 2022/2023 upo Ufadhili wa Samia kwa wanafunzi waliofanya vizuri sana katika masomo ya sayansi kidato cha sita. Huo ni ufadhili, si deni. Wasichana wale wangeelezwa haya, huenda Kemia wangeendelea nayo. Aliyewaambia udaktari ni wa matajiri hakufanya hesabu. Alirudia maneno ya mtaani.

Kuhusu nani aifanye, nakubali kwamba mzigo huu usiwekwe kichwani mwa mtoto. Wazazi na walezi wakae wao kwanza, wajue kipi kinapatikana na kipi hakipo, kisha wazungumze na mtoto kuhusu njia, wakianza na kile anachokipenda.

Mama wa Wawili

Samahani, ndugu zangu, naomba kuuliza. Mwanangu wa kwanza yuko kidato cha tano shule ya serikali, lakini kidato cha kwanza hadi cha nne alisoma shule binafsi ya bweni kwa sababu kaka yangu ndiye aliyekuwa akimlipia. Kaka yangu alifariki mtoto akiwa kidato cha nne. Mimi ni mfanyabiashara mdogo wa sokoni na baba wa watoto hayupo nasi. Jirani ameniambia nisijisumbue kuomba mkopo, kwamba shule ile ya bweni imekwisha kumfungia mlango. Ni kweli?

Mleta uzi

Pole sana, dada yangu, kwa msiba wa kaka yako. Si kweli kwamba mlango umefungwa, na tafadhali usiache kuomba. Lililo kweli ni kwamba shule aliyosoma mtoto huangaliwa katika kupima uwezo wa kaya, kwa hiyo asipoeleza lolote mfumo utachukulia kwamba aliyelipa ada ile bado anaweza kulipa. Jukumu lenu ni kuonyesha kwamba aliyelipa alikuwa mfadhili na sasa hayupo.

Anza sasa hivi wala usisubiri Mei. Nenda katika shule ile aliyosoma, omba barua inayoeleza nani alikuwa mlipaji wa ada. Shule hutunza majina ya walipaji, na stakabadhi za benki zikiwapo ni bora zaidi. Pata cheti cha kifo cha kaka yako. Kama kifo hakijaandikishwa, kiandikishwe, ukisaidiwa na mtendaji wa mtaa. Kuhusu baba wa watoto, eleza hali halisi ilivyo. Kama yu hai lakini hatunzi, usiandike amefariki, kwa maana taarifa ya uongo ikigundulika itaharibu maombi yote, hata yale ya kweli. Serikali ya mtaa inakufahamu wewe na biashara yako, nayo itathibitisha hali ya kaya. Kama kaya yenu imewahi kuandikishwa TASAF, tunza namba hiyo.

Siwezi kukuahidi kiasi atakachopewa, kwa kuwa hupangwa kulingana na waombaji na bajeti ya mwaka husika. Lakini mama mwenye nyaraka hizi yuko mahali tofauti kabisa na yule aliyemsikiliza jirani.

Mhitimu wa Stashahada

Nimesoma kwa makini, na ninaona tunazungumza kana kwamba njia ya chuo ni moja tu, ya kupitia kidato cha sita. Mimi nilimaliza kidato cha nne kwa daraja la tatu, nikaenda moja kwa moja chuo cha kati kusomea stashahada ya fani ya ufundi, miaka mitatu. Baadaye nilijiunga na shahada kwa sifa linganishi, ambapo kwa kawaida huhitajika wastani wa pointi 3.0 katika stashahada. Nilichelewa kidogo kuliko wenzangu wa kidato cha tano, lakini niliingia chuo kikuu nikiwa na ujuzi wa kuniingizia kipato wakati wa likizo.

Faida na hasara zisemwe zote mbili. Kidato cha tano na cha sita katika shule ya serikali hakina ada. Chuo cha kati kina ada tangu siku ya kwanza, na wakati wangu hapakuwa na mkopo kwa ngazi hiyo. Mzazi wangu aliuza mifugo. Hali imebadilika: kuanzia mwaka wa masomo 2023/2024 Bodi ilianza kutoa mikopo kwa wanafunzi wa stashahada katika fani za kipaumbele, zikiwamo za afya, ualimu wa sayansi na ufundi. Si kila kozi inaingia, kwa hiyo kabla ya kujaza chaguo la chuo cha kati, mtu asome mwongozo wa mwaka husika aone kama kozi yake imo. Mtoto anaweza kuchagua kozi mbili zinazofanana kwa kila kitu, moja ikakopeshwa na nyingine isikopeshwe.

Ipo hatari nyingine ambayo wenye stashahada huipata. Ukimaliza ukaenda kufanya kazi kwanza, usikae muda mrefu mno kabla ya kurudi. Vigezo vya mkopo wa shahada vimekuwa vikidai mwombaji awe amehitimu kidato cha sita au stashahada ndani ya miaka mitano. Rafiki zangu wawili walirudi wakiwa wamevuka muda huo, wakajilipia wenyewe hadi mmoja akaacha mwaka wa pili. Alikuwa mwanafunzi bora kuliko mimi.

Na kwa mtoto ambaye hata stashahada haitawezekana kwa sasa, vyuo vya ufundi stadi vya VETA vipo, na ada yake ni ndogo mno ikilinganishwa na tunazozitaja hapa. Mzazi asione aibu kuanzia huko.

Mkazi wa Unguja

Assalaam alaykum. Naongeza kwa wenzetu wa Zanzibar: ipo Bodi ya Mikopo ya Elimu ya Juu Zanzibar yenye utaratibu wake, na waliozaliwa huku huhakiki vyeti vyao kupitia Wakala wa Usajili wa Matukio ya Kijamii Zanzibar badala ya RITA. Wanafunzi wetu wanaokwenda kusoma Bara waanze kuuliza mapema waombe wapi. Wapo wanaopoteza wiki nzima wakipeleka cheti mahali pasipohusika. Ushauri wa kuanza mapema unatuhusu zaidi sisi, kwa kuwa kila safari ya kufuata karatasi ina nauli ya boti.

Mlipaji wa Mkopo

Ningependa tuongeze sehemu ambayo vijana hawaitaki, nayo ni kulipa. Bumu, yaani posho ya mkopo, linapoingia, hakuna anayekumbuka kwamba jina lake ni mkopo. Mimi ni mwajiriwa na ninakatwa asilimia 15 ya mshahara wa msingi. Mwenye mshahara wa shilingi 700,000 hukatwa 105,000 kila mwezi, kabla hajafikiria kodi ya nyumba wala kumtumia mama yake chochote. Kwa haki niseme kwamba hali ni nafuu kuliko ilivyokuwa, maana mwaka 2021 serikali iliondoa tozo ya asilimia 6 ya kulinda thamani ya fedha, ambayo ilikuwa ikilifanya deni lionekane halipungui, pamoja na adhabu ya asilimia 10 kwa waliochelewa. Sasa unalipa ulichokopa na unaona kinapungua.

Marejesho huanza kudaiwa miezi 24 baada ya kuhitimu. Wengi husahau kipindi hicho, kwa kuwa hawajapata ajira na hakuna anayewapigia simu. Anayejiajiri naye anadaiwa, na deni halimsubiri mwajiri. Ninaomba wazazi waliomo humu wamwambie mtoto kiasi cha jumla siku ile ya kusaini fomu. Mkopo wa ada milioni moja pamoja na posho ya milioni mbili na zaidi, kwa miaka mitatu, unakaribia au kuvuka milioni kumi. Siwavunji moyo, kwa kuwa bila mkopo huo mimi nisingesoma. Fedha ninazokatwa zinakwenda kwa mtoto wa mtu mwingine aliyepo chuoni leo, na hilo hunipa nguvu kila ninapotazama hati yangu ya mshahara. Lakini nilipaswa kuambiwa.

Mama wa Wawili

Nashukuru sana kwa majibu. Swali langu la mwisho: mtoto akishapata chuo halafu jina lake lisionekane kwenye orodha ya mikopo ya awamu ya kwanza, nifanye nini? Asiende?

Mleta uzi

Aende, dada, kama kuna namna yoyote ya kumfikisha. Mikopo hutangazwa kwa awamu zaidi ya moja, na baada ya awamu hizo hufunguliwa dirisha la rufaa kwa waliokosa au waliopata kiasi kidogo. Rufaa nayo inataka nyaraka, na zile utakazoanza kuzikusanya mwezi huu ndizo atakazoambatisha. Kila siku aingie kwenye akaunti yake ya maombi aone kama kuna kasoro aliyotakiwa kurekebisha. Si mara zote jina hukosekana kwa sababu ya kunyimwa, maana sahihi iliyosahaulika au ukurasa uliopakiwa vibaya nao hulizuia ombi.

Akifika chuoni, aende ofisi ya mlezi wa wanafunzi na ofisi ya mikopo ya chuo, ajieleze kwa maandishi. Vyuo vingi hupokea ada kwa mihula, kwa hiyo fedha ya kuanzia si ada nzima ya mwaka bali sehemu yake, pamoja na bima na usajili. Hicho ndicho kiasi ambacho ningekushauri ukilenge kuanzia sasa, kwa kuweka kidogo kidogo kwenye kikundi chako cha kuweka na kukopa sokoni. Ukianza mwezi huu, una zaidi ya mwaka mzima kabla hajafika huko.

Na huyo wa pili, kama bado hajafika kidato cha nne, chukua cheti chake cha kuzaliwa leo jioni na daftari lake la shule, uyaweke pamoja, usome majina herufi kwa herufi.